Usiihame Ngome Hiyo, Zuhura

Zuhura shoga yangu,

Hujambo? Wa nyumbani nitawauliza mwishoni, maana nina haraka na neno moja. Kasimu kaniambia unataka kuihama ngome yako kwenye ule mchezo wa kompyuta, Dwarf Fortress, kwa kuwa ngazi zimejaa maji. Usiihame! Kwenye picha aliyonionyesha, ukingo wa mto umetokeza mawe ya chokaa. Chokaa ni mwamba tabaka, yaani wa mashapo, na katika miamba hiyo ndimo hupatikana mawe yenye madini ya chuma (hematiti, magnetiti, limoniti) na makaa ya mawe. Yaani chuma cha pua chote kinaweza kutoka chini ya miguu yako.

Sasa maji. Kama yanavuja polepole, hilo ni tabaka jepesi la maji ya ardhini na linazibika. Anza ghorofa ya juu kabisa yenye unyevu. Chimba mraba wa tatu kwa tatu, ngazi katikati, kisha jenga kuta kwenye vile vimraba vinane vinavyoizunguka. Magogo yanafaa, ila matofali ya mawe hujengwa upesi zaidi. Ukimaliza ndipo ushuke ghorofa inayofuata, urudie vilevile. Usiruke hata moja, maana maji ya juu yatakushukia. Amri ya kuchimba itafutika kila wachimbaji wakigusa unyevu. Iweke tena, si kosa lako. Ukifika kwenye mwamba wenye maji, kulainisha ukuta kunatosha kuziba. Udongo haulainishiki, ndiyo maana huku juu lazima ujenge.

Ukitoka chini ya maji, shusha ngazi peke yake. Vyumba vichimbe kuanzia ghorofa ya pili kavu, la sivyo dari litadondosha maji. Naona hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Na ule udongo mkavu wa juu ubakize kwa shamba. Uyoga unapandwa humo bila kumwagilia, na sururu inapita upesi kuliko kwenye jiwe.

Turudi kwenye chokaa, maana sijamaliza. Bila lava, vipande 2 vya chuma cha pua vinakula vipande 2 vya chuma, mawe 2 ya chokaa na koki (makaa ya mawe yaliyochomwa tanuruni) 4: mbili za kuchanganya, mbili za moto. Jiwe moja la madini ya chuma hutoa vipande 4. Jiwe moja la makaa meusi hutoa koki 9, la lignaiti (makaa ya kahawia) 5. Choma mkaa wa kuni kidogo kwanza, kwani hata tanuru la koki linahitaji moto wa kuanzia. Chokaa usiitumie kuchongea viti na milango! Izuie kwenye orodha ya mawe leo hii.

Niambie basi: maji yalipanda kwa kasi gani? Yakijaa kabla ukuta haujasimama, ni tabaka zito la maji, hapo tutazungumzia pampu. Una magogo mangapi? Umeshaona mawe yenye madini popote ukingoni? Mama hajambo, na goti lake je? Kasimu amekurudishia ile chaja?

Wako,
Mwanaidi