Risala ya Klabu ya Gemu kwa Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Kazi za Wanafunzi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Mazoea ya risala ni kuanza na idadi ya wanachama, zikafuata changamoto, kisha maombi. Maombi yapo, hayajapotea njiani. Ila kwanza utuvumilie tukueleze habari za studio moja ndogo ya Adelaide, Australia, iitwayo Team Cherry, maana ndiyo tunayopimia kazi zetu.

Agosti 2013, waasisi wake Ari Gibson na William Pellen waliingia Ludum Dare, shindano la mtandaoni la kutengeneza gemu kwa siku mbili au tatu. Mada ilikuwa sekunde 10, nao wakatoa gemu fupi iitwayo Hungry Knight. Mwaka uliofuata walijaribu tena kwa mada ya kilicho chini ya ardhi, muda ukawatupa mkono. Hawakuwasilisha kitu. Wazo lile lililochelewa ndilo likawa Hollow Knight, gemu iliyowapa jina.

Mwishoni mwa 2014 walipitisha mchango kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishia miradi. Waliomba dola za Australia 35,000. Watu 2,158 wakachanga 57,138. Zinasikika nyingi. Zigawe kwa miezi kama 27 mpaka gemu ilipotoka tarehe 24 Februari 2017, unapata dola kama 2,100 kwa mwezi kwa timu nzima, na hapo Kickstarter haijakata asilimia 5 yake wala kadi za benki hazijakata zao.

Walifikaje? Hawakuunda injini ya gemu, yaani programu ya msingi inayoiendesha, walichukua Unity iliyokuwa tayari. Tabia za maadui wengi walizipanga kwa PlayMaker, zana ambamo unaunganisha visanduku kwa mishale badala ya kuandika kila kitu kwa msimbo wa programu. Halafu tazama uso wa mhusika mkuu: kinyago cheupe, matundu mawili meusi, basi. Hana mdomo wa kuchezesha wala kope za kupepesa. Picha zote zilichorwa kwa mkono, kwa hiyo kila kiungo kisichokuwepo ni mamia ya michoro ambayo hakuna aliyelazimika kuichora. Kwetu huo ndio ufundi wenyewe, kuliko hata uzuri wa michoro.

Walipojikwaa ni kwenye ahadi. Michango ilipopita lengo, waliahidi mhusika wa pili wa kuchezwa, Hornet, kama nyongeza. Nyongeza ikakua, na Februari 2019 ikatangazwa kuwa gemu inayojitegemea, Silksong. Ikatoka tarehe 4 Septemba 2025. Wenyewe walieleza kwamba hawakukwama popote. Walikuwa wanaongeza tu, na wanafurahia. Waliweza kwa sababu gemu ya kwanza ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 15. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayelipia bando kwa siku hana miaka sita ya kuongeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndiyo maana gemu utakayoiona leo ni moja, ya simu, na haina mhusika wa pili. Ni bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 za mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Ukitazama haraka utadhani ni kazi ya wiki moja.

Tatizo la kwanza ni nafasi. Simu ya kawaida ikishikwa wima, skrini ina upana wa kama milimita 68. Gawa kwa mashimo 8 ya safu moja, kila shimo linapata 8 na ushee, wakati kitu cha kubonyezwa kinatakiwa kiwe na milimita 9 hivi. Ndani ya daladala ya Mbagala kidole kinaangukia shimo la jirani na kete zinaenda zisikotakiwa. Kwa hiyo gemu inachezwa simu ikiwa imelazwa.

La pili ni mwendo usiokoma. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazoa na kuendelea, na kwenye bao kuna mikao ambayo kete huzunguka bila kufika mwisho. Kwenye ubao wa mti wachezaji watacheka na kuamua. Programu haicheki. Inazunguka tu, na skrini isipoitikia mguso kwa sekunde 5, Android inamuuliza mchezaji kama aifunge. Dawa ni kusogeza kete moja moja kwa saa ya gemu badala ya kumaliza mwendo mzima ndani ya fremu moja, yaani mchoro mmoja wa skrini, kuhesabu hatua, na kuweka kikomo.

La tatu ni picha. Ukubwa wa faili unadanganya. Picha ya ubao yenye pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa kilobaiti 400 kwenye diski, lakini ikifunguliwa bila kubanwa inakula megabaiti 16 za RAM, kumbukumbu ya kazi ya simu. Kete nazo ni picha moja iliyorudiwa mara 64, si picha 64.

La mwisho ni kuhifadhi. Simu ikizimika katikati ya kuandika, faili huharibika na mchezo wote unapotea. Gemu iandike kwanza faili jipya kwa jina lingine, ikimaliza ndipo ilibadilishe jina kuchukua nafasi ya la zamani.

Sasa maombi. Hatuombi kompyuta za bei mbaya. Tunaomba simu 4 za Android zenye RAM ya GB 2, hata za mtumba za Kariakoo, kwa sababu gemu inayokwenda vizuri kwenye simu ya gharama haijapimwa. Tunaomba UPS 2, betri za kushikilia umeme ukikatika, za chumba cha kompyuta. Tunaomba dola 25 za kufungulia akaunti ya kutolea gemu kwenye Google Play, duka la programu za Android, zinazolipwa mara moja tu.

Ombi kubwa halina gharama. Akaunti mpya ya mtu binafsi haiwezi kutoa gemu kwa umma mpaka iwe na wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Karatasi ya majina iko meza ya mlangoni, kando ya bao la mninga. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mstari wa kwanza tumekuachia wewe.

Tunaomba kuwasilisha.