Barua kwa mwanangu: huruma ya siku ya pili

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniandikia kwamba jumuiya imekukabidhi huduma ya wagonjwa na wafiwa, ukauliza uanzie wapi. Anzia Luka sura ya 10, lakini usiishie pale tunapopapenda sote, kuhani na Mlawi wanapopita kando. Nenda hadi mstari wa 35. Msamaria amekwisha kufunga majeraha, amemimina mafuta na divai, amempandisha majeruhi kwenye mnyama wake, wamelala nyumba ya wageni. Siku ya pili ndipo anatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, utauona katika Mathayo 20. Ametoa basi kazi ya siku mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akashika safari yake, na akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi.

Siku ya kwanza sisi tunaiweza sana. Mtu akilazwa, wodi inajaa vitenge vya WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki. Akifa, turubai, viti na masufuria vinafika kabla jua halijazama. Kinachotushinda ni siku ya pili, na ya ishirini. Kazi yako iko huko.

Tuchukue huyo mzee wa kiharusi uliyemtaja, aliyerudishwa nyumbani. Ukifika, kabla ya sala na kabla ya chai, muulize mkewe kwa upole: nani analala naye usiku? Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Piga hesabu: mara 12 kwa siku. Mama mmoja hawezi, na asipoweza, vidonda vya kulalia vinaanza kwenye mfupa wa juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Majirani watasema watu wa nyumbani wamemtelekeza. Si kweli, wamechoka.

Kumgeuza kuna namna yake. Mtandikie shuka lililokunjwa mara mbili, lianzie mabegani liishie mapajani. Mwe wawili, mmoja kila upande. Kunjeni kingo za shuka hadi karibu kabisa na mwili wake, mwambieni mnachotaka kufanya (kutosema si kutosikia), hesabuni moja, mbili, tatu, mwinueni ndipo mumsogeze. Msimburute, kwa sababu ngozi yenye unyevu huchunika. Wala msimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Akishalala ubavu, weka mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na kitu chini ya miundi ili visigino vielee bila kugusa godoro. Hakuna mito? Kanga zilizokunjwa zinatosha. Nyoosha makunyanzi ya shuka, ondoa makombo. Ukiona mahali pamekuwa pekundu, au kwa ngozi yetu pamekuwa peusi zaidi, pana joto au pamekuwa pagumu, usipachue hata kidogo. Pakingwe na uzito, na muuguzi wa zahanati aambiwe siku hiyohiyo.

Chakula nacho kina hatari yake. Mgonjwa akalishwe wima, kijiko cha chai, asubiriwe ameze ndipo kije kingine. Tazama shavu la upande uliopooza, uji hujificha humo. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, simamisha, kwani chakula kinaweza kuingia mapafuni. Baada ya kula asilazwe mpaka nusu saa ipite.

Sasa zamu. Wengi huanza na siku saba kwa wiki, wote wananyoosha mikono kwa shangwe, na wiki ya pili haonekani mtu. Anza na usiku wa Jumanne na wa Ijumaa tu. Mkiwa kaya 12, kila kaya itashika zamu mara moja kwa wiki sita, na hilo hata mwenye duka anaweza. Mwanamume auguzwe na wanaume ikiwezekana, hasa kuoga. Mwenye mafua abaki kwake. Na anayekuja asingoje kupikiwa.

Kuhusu maneno. "Ukiwa na shida niambie" lina sura ya wema, ila linamtwika mwenye shida kazi ya kuomba. Sema: "Jumamosi saa nne nakuja kufua. Nije na sabuni au ipo?" Kwa mfiwa, "pole" inatosha, kisha kaa. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa sawa kabisa. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu. Usimwambie mama aliyezika mtoto kwamba Mungu amempenda zaidi. Usimwambie ajikaze.

Sala iwe fupi, baada ya kuuliza kama anapenda. Na hapa sitaki ulegeze: mtu yeyote wa kundi lenu akimwambia mgonjwa kwamba ameponywa, aache vidonge vya presha, insulini au ARV, mwondoe kwenye zamu. Yoshua bin Sira sura ya 38 inaagiza tabibu aheshimiwe, maana naye Bwana ndiye aliyemuumba. Tena ulichokiona chumbani kibaki chumbani. Kwenye nia za sala za jumuiya taja jina tu, ugonjwa usitajwe.

Fedha ndiyo inayoharibu huruma haraka kuliko kitu kingine. Orodha ya michango ikisomwa kwa sauti, aliyetoa elfu moja anaaibika na aliyesaidiwa anajua anadaiwa shukrani na nani. Daftari liwepo, lisainiwe na wawili, lakini lisisomwe kwa majina. Picha za kukabidhi unga zisipigwe. Ukimtumia mtu kwa simu, tuma na ya kutolea. Usipoiweka, anayehitaji elfu kumi ya dawa anafika dukani nayo imepungua, na unajua ilivyo aibu kuomba nyongeza. Boazi aliwaagiza wavunaji wadondoshe masuke makusudi ili Ruthu aokote kama mtu anayefanya kazi yake. Tafuta njia za namna hiyo: lipa karo moja kwa moja shuleni, au nunua maandazi ya mjane asubuhi hata kama nyumbani kwako kuna mkate.

Wafiwa nitawapitia kwa haraka, maana msiba tunaujua. Tanga likianuliwa, andika tarehe tatu kwenye kalenda yako: wiki mbili, miezi mitatu, mwaka. Wiki mbili, mjane huwa anahangaikia makaratasi: cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi. Msindikize, beba nakala za ziada, na asisaini kitu ambacho hakijasomwa mbele yake mpaka mwisho. Shemeji wenye haraka huwa hawakosekani. Miezi mitatu, hakuna tena anayemtaja marehemu kwa jina. Mtaje wewe.

Na wewe usijimalize. Msamaria hakuvunja safari, wala hakugeuka mwenye nyumba ya wageni. Alitenga alichoweza na akasema wazi atarudi. Ukiahidi Jumanne, iwe Jumanne, maana mgonjwa wa kitandani hana kingine cha kuhesabu ila siku. Ukishindwa, piga simu kabla saa haijafika. Usiahidi pesa ambayo haijaingia.

Leo nimekutumia ya mashuka mawili ya pamba, yale mazito, na ya kutolea nimeweka. Jumapili baada ya misa nitapiga, na swali langu la kwanza litakuwa nani alilala kwa mzee Ijumaa.

Mama yako