Mama, ile taa ya Baba irudi nyumbani

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, Alhamdulillahi, na dua zako zanifikia. Baridi ya Chicago ipo, kazi ipo, hayo tuyaache. Pesa za bati nimezituma jana usiku kwa simu ya Mwanakombo, zote, si nusu. Fundi aanze kabla ya masika.

Sasa nina jambo, nakuambia wewe kwa sababu nikimpigia ndugu yangu Athumani tutagombana. Aliyoyaandika kwenye grupu ya familia nimeyasoma. Eti nauli ya kutalii kwenye treni siku mbili ninayo, lakini bati la mama limenishinda. Mbele ya mashangazi, mbele ya wakwe! Ile picha ya treni niliituma kwa furaha, nikijua yeye ndiye wa kwanza atakayefurahi, maana sisi sote tumelelewa na mshahara wa reli.

Mama, nilikuwa nakwenda kumwona Rehema, amejifungua. Ndege ingenifikisha siku ileile. Nikapanda treni kwa ajili ya Baba. Unakumbuka alivyokuwa akituuliza barazani, je, duniani kuna gari la moshi linalokwenda mbali kuliko letu? Lipo, nami nimelipanda. Linaitwa California Zephyr. Linatoka Chicago saa nane mchana, linalala njiani usiku mara mbili, na siku ya tatu jioni ndio linafika Emeryville, ng'ambo ya maji ukitazama San Francisco. Kilomita 3,924! Chukua safari ya Mombasa hadi Nairobi, uirudie mara nane. Na mabehewa yenyewe ni ya ghorofa, na kuna behewa moja vioo vitupu mpaka darini, watu wanakaa humo kutazama nchi tu.

Asubuhi ya pili, tulipotoka Denver, likaanza kupanda milima, linajikunja hata ukiwa nyuma waiona injini ubavuni mwako. Kisha tukaambiwa tunaingia Moffat, pango la reli walilolifungua mwaka 1928, urefu wake kama kilomita kumi, ndani kwa ndani chini ya mlima. Mfanyakazi akapita akitangaza mtu asifungue mlango wa kati ya behewa na behewa mpaka tutoke, ili moshi wa injini usiingie kwa abiria. Akawa anaigusa kila komeo kwa kiganja, moja baada ya moja, kuhakikisha. Mama, niliuona mkono wa Baba. Vilevile alivyokuwa akiigusa milango ya nyumba kabla ya kulala, desturi ya gadi wa treni haikumtoka hata alipostaafu. Nililia gizani mle, na aliyekaa karibu yangu akanipa kitambaa bila kuniuliza.

Tulipotokeza upande wa pili tukaupata mto Colorado, tukaandamana nao zaidi ya kilomita 300. Siku ya tatu ikawa milima ya Sierra Nevada. Njia ya pale waliichonga vibarua wa Kichina kwenye miamba, reli ikaungana mwaka 1869, miaka 27 kabla ya Waingereza kuanza yetu hapo Kilindini na vibarua wa Kihindi. Nikakumbuka hadithi za simba wa Tsavo waliowala vibarua hao. Kila reli ina watu wake waliozikwa kandokando.

Nasikia siku hizi mwapanda ile treni mpya hapo Miritini, asubuhi mmetoka, mchana mko Nairobi. Ni nzuri, sikatai. Lakini mimi natamani ile ya zamani ya jioni, inavuka Makupa taratibu, sisi watoto twaipungia mikono tukitafuta taa ya Baba kwenye behewa la mwisho.

Na hapo ndipo penye kidonda changu. Ile taa, Mama. Mwanakombo ameniambia Athumani ameiuza kwa wauza vitu vya kale huko Mji wa Kale, na wewe umenificha ili nisikasirike. Nimekasirika. Bati nitalinunua, karo ya watoto wake nimelipa miaka miwili bila kumwambia mtu, na leo nalisema. Lakini taa ya Baba haikuwa ya mtu mmoja kuiuza. Kwenye pesa nilizotuma kuna shilingi elfu kumi za ziada, hizo si za fundi. Aende yeye mwenyewe akaikomboe, si kumtuma mtoto. Ataitambua: kioo cha kijani kina ufa pembeni, na mpini una kile kitambaa cha kikoi ulichokizungusha wewe.

Wasiisugue. Ikifika, itieni mafuta ya taa, mnipigie kwa video ikiwa inawaka.

Nisalimie majirani wote, na bibi mwambie mtoto wa Rehema ni msichana.

Mwanao,
Zuhura