Msihame bila historia

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu kutoka Nairobi, baridi ya Julai imetukaba lakini tu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema mnahama kutoka Subversion kwenda Git, programu mbili za kutunza historia ya msimbo, na bosi wenu anataka mbebe toleo la mwisho tu kwa kuwa yaliyopita si ndwele. Tafadhali mkatalie.

Kwenye programu ya mikopo tuliyokuwa tukiitunza kulikuwa na mstari mmoja: siku = siku - 1. Kijana mgeni akadhani ni kosa, akaufuta. Kabla ya kumpitishia nikataka kujua nani aliuandika na kwa nini. Git ikanionyesha historia iliyoishia siku faili ilipohamishiwa folda nyingine. Nyuma ya hapo, kimya. Kumbe aliyeihamisha aliiandika upya zaidi ya nusu katika komiti hiyohiyo, yaani badiliko lilelile lililohifadhiwa. Subversion huweka kumbukumbu kwamba faili hii imetoka kwenye ile. Git haiweki, hukisia kwa kulinganisha yaliyomo, na kufanana kukiwa chini ya asilimia 50, kwake hiyo ni faili mpya, hata ukitumia --follow, chaguo la kufuata faili iliyohamishwa.

Nashukuru seva yetu ya zamani ya Subversion ilikuwa bado inawaka. Amri ya svn log, inayoonyesha historia, ikanipa maneno ya mwaka 2011: "Siku ya kutoa mkopo haitozwi riba, ndivyo mkataba unavyosema." Mstari tukaurudisha. Fikiria akina mama mboga wangapi wangelipa riba ya siku wasiyodaiwa!

Basi tumieni git svn clone, amri inayonakili historia ya Subversion kuiingiza Git, na kwanza mwandae faili ya majina, maana Subversion huhifadhi jina la kuingilia peke yake. Kila jina lioanishwe na jina kamili na barua pepe; likikosekana moja, kazi yote husimama palepale. Wengi watakushauri uweke --no-metadata, inayoondoa mstari wa git-svn-id, ili ujumbe wa kila komiti uwe safi. Mimi siafiki. Mstari huo ndio utakaokuonyesha r4127, namba ya badiliko la Subversion inayotajwa kwenye tiketi za zamani za kuripoti hitilafu, ni komiti ipi. Seva ya zamani nayo msiizime, ibaki ya kusomwa tu. Na kuanzia sasa, faili ihamishwe kwa komiti yake, marekebisho yaje kwa nyingine.

Nipigie Jumamosi jioni tupitie orodha ya majina pamoja. Ya waliokwisha kuacha kazi ndiyo yatakayokuchelewesha, kwa hiyo anza kuyauliza kesho kwa wazee wa ofisi.

Wako daima,
Rafiki yako wa Nairobi