Kisu hakina kosa, ni hayo maboksi

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni. Juzi kwenye ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani mliandika kwamba kisu kimoja cha kukunja kinamtosha mtu kwa kazi zote ndogondogo. Mi natembea na kisu mfukoni miaka mingi na kila aliye karibu yangu anajua, kwa hiyo hazipiti siku mbili mtu hajaja "hebu nipe kisu chako mara moja", afu kinarudi butu kama kijiko na juu yake naambiwa eti kisu chenyewe feki.

Jamani, watu wanadhani kinachoua makali ni vitu vigumu tu. Muuaji mkubwa ni boksi! Lile boksi laini unalolikunja kwa mkono, hasa lililotengenezwa kwa makaratasi yaliyorudishwa kiwandani, huwa limebeba vumbi na chembechembe za mchanga, na kwenye kile kipimo cha ugumu cha Mohs cha tangu 1812, kinachoanzia 1 mpaka 10, mchanga wa kawaida uko kwenye 7 na visu vyetu vingi havifiki hapo. Yaani unakata huku unakipiga msasa bila kujua. Chana maboksi kama ishirini hivi afu shika kisu chini ya taa, makali yakiwa yanakutazama, utaona kimstari cheupe kinameta. Makali mazima hayameti, hapo ujue yameshalala. Zulia nalo ni ndugu yake boksi, sisemi zaidi, aliyewahi kukata zulia lililokanyagwa miaka anajua.

Sasa kuna zile tai za plastiki za kufungia nyaya, hizi ndo zilinifanya nishike kalamu. Ni nailoni, ngumu afu inateleza, na inakaa imebana kabisa huna pa kupitisha kisu. Mdogo wangu alichomeka ncha ya kisu changu chini yake akawa anasukuma kwa kuinua, na kisu hakina loki, basi kikajikunja chenyewe kikamkuta kidole, nyuzi tatu. Na wala tai haikukatika! Angechukua plaisi ya kukatia waya ingekuwa sekunde moja, au hata sindano tu, maana ndani ya kile kichwa cha tai kuna kiulimi kidogo, ukikiinua kwa sindano tai inarudi nyuma nzima na unaitumia tena. Watu wengi hawakijui hicho kiulimi.

Mpira nao una visa vyake, wenyewe si mgumu ila unakumbatia kisu kikwame, hapo paka maji ya sabuni kwenye kisu na uvute taratibu utaona kinavyopita. Ila tairi la gari achana nalo, ndani lina nyaya za chuma. Mikanda ya chuma inayofungia mizigo mizito pia usiiguse na kisu, ule mkanda umevutwa, ukiachia unaruka na kuchapa uso, unatakiwa mkasi wake maalumu na usimame pembeni. Na kama una glavu au kamba ya Kevlar usijisumbue, nyuzi zile zilivumbuliwa na mama mmoja mkemia, Stephanie Kwolek, 1965 huko Marekani, na glavu za kuzuia kukatwa zinashonwa kwazo, sasa wewe na kakisu kako unaenda kushindana na nini?

Kamba ya nailoni ya kawaida inakatika vizuri, ila ivute ikaze kwanza, na kisu chenye meno kinaing'ata kuliko kile laini. Ikilegea utasugua mpaka jioni.

Kwa hiyo mhariri naomba ule ushauri wenu mwuongezee plaisi, mkasi mzito, na kile kisu cha wembe wa kubadilisha kwa ajili ya maboksi, wembe ukiisha unatupa unaweka mwingine, hakuna anayelia. Changu nimekinoa jana usiku, nimekijaribu kwenye gazeti lenu (samahani) kimepita bila sauti. Atakayekuja kuazima nampa mkasi.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.