Barua ya wazi kwa Mkuu wa Bandari: usiku redio yako anaisikiliza nani?

Mheshimiwa Mkuu wa Bandari,

Salamu kwanza, manake heshima ni heshima hata mtu akiwa na hasira, na mimi ninayo. Mimi ni nahodha wa boti ya kukodi, wale tunaopeleka wateja kuvua bahari kuu, asubuhi tunatoka jioni tunarudi. Unanijua kwa sura hata kama jina umelisahau, ni yule aliyesimama kwenye kikao cha manahodha akauliza swali la redio, ukanijibu mbele ya watu wote kwamba hakuna mwito wa dharura utakaokosa jibu. Makofi yakapigwa. Na mimi nilipiga.

Sasa wiki iliyopita nimeita. Ngoja nikuhadithie nani kajibu.

Tulitoka alfajiri saa kumi na moja, wateja sita, mimi na msaidizi wangu mmoja. Saa nne asubuhi tulikuwa maili 28 nje, fimbo nne zinakokota chambo, bahari nzuri tu. Nikapiga redio kituoni kwako kutoa ripoti ya mahali nilipo na idadi ya watu, kama sheria yenu inavyotaka. Nikajibiwa hapohapo, sauti safi kama mtu yuko ndani ya boti. Hiyo saa nne naomba uikumbuke Mheshimiwa, nitarudi kwake, manake najua tayari ofisini kwako kuna mtu anaandaa jibu la kusema nilikuwa mbali redio haifiki.

Saa tisa mzee mmoja kati ya wateja akashikwa na nduaro. Sijui kama umewahi kuona nduaro akiruka, samaki mkubwa kuliko mtu, anatoka mzima mzima majini anatikisa kichwa, rili inalia mpaka nywele zinasimama. Mzee umri wa miaka sabini na ushee, amekusanya hela za hiyo safari kwa muda mrefu, yuko kwenye kile kiti cha nyuma kafungwa mikanda, jasho linamtiririka, mimi narudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki asije akamaliza kamba. Karibu masaa matatu. Jua linazama ndo akafika ubavuni, msaidizi akamtoa ndoano tukamwachia, mzee analia. Kwa hiyo swali la kwa nini nilikuwa huko giza linaingia ni hilo jibu lake. Ningemwambia mzee akate kamba? Labda ningemwambia, sijui, lakini boti ina taa zote, leseni yangu inaruhusu usiku, na ada ya hiyo leseni mnapokea mchana na usiku hamuikatai.

Saa moja na nusu injini ya kulia ikakohoa ikazima. Dakika mbili baadaye ya kushoto nayo. Kufungua filta, maji. Dizeli imechanganyika na maji, nyeupe kama maziwa. Nikabadilisha filta, ikawaka, ikazima, nikabadilisha tena, akiba ikaisha. Nahisi mafuta yalikuwa mabaya toka tulipojaza, au uchafu wa chini ya tangi ulivurugwa wakati tunacheza na yule samaki mbele nyuma mbele nyuma, sina uhakika. Hilo ni la kwangu na silaumu mtu, injini mbili zinazokunywa tangi moja ni ujinga wangu na nitatenganisha. Nimeliandika mapema ili usinikumbushe.

Nanga? Chini pale ni zaidi ya mita 300, kamba yangu haifiki hata nusu. Tukawa tunaelea. Na boti ikikosa injini haikai inavyotaka nahodha, inageuka ubavu inakabidhi mbavu kwa mawimbi, ikaanza kwenda mrama vibaya, na upepo ulikuwa ushaanza kukaza. Tukafunga ndoo mbili na turubai kwenye kamba tukatupa omoni, mbele ya boti, ili itushikilie tuangalie mawimbi. Ilisaidia kidogo.

Nikashika redio. Nilifuata utaratibu Mheshimiwa, ule ule mliotufundisha kwenye ile kozi ya siku mbili. Hatuzami, kwa hiyo sikuita Mayday, ule mwito wa roho zikiwa hatarini, nikaita Pan-Pan mara tatu, ule wa shida ya haraka, chaneli 16 ya dharura, jina la boti, mahali, watu wanane, injini zimekufa naomba msaada. Nikaachia kitufe nikasikiliza.

Shwaaaaa.

Nikasubiri dakika, nikarudia. Shwaaa. Nikaangalia nguvu iko wati 25, iko. Nikaangalia antena, imesimama. Nikarudia kila dakika tano kuanzia saa mbili kasoro mpaka saa nne usiku, na kila nikibonyeza ile taa ndogo ya redio inafifia manake betri ndo hiyohiyo, nikazima friji ya chambo, nikazima kipima kina, nikazima kila kitu nikabakiza taa za juu na redio. Mtandao wa simu huko hakuna, kila anayevua nje anajua. Kwa hiyo ile namba yenu ya dharura mliyobandika gatini kwa herufi kubwa nyekundu, nzuri sana, imechapwa vizuri, ila samaki ndo hawana simu na sisi huko tuko kama samaki.

Mmoja wa wateja alikuwa na mtoto wake wa miaka kumi na mbili. Bahari ilikuwa imeshamlevya, kakaa sakafuni kakumbatia ndoo, jaketi la kuokolea limemzidi limempanda mpaka masikioni. Kila nikiachia kitufe ananiangalia mdomoni. Baadaye akauliza, "Nahodha, kwani wamelala?" Nikamwambia hapana, wanasikia, wanajipanga. Nimedanganya mtoto wa watu kwa niaba ya ofisi yako.

Saa nne na kitu wimbi likaingia tezini, nyuma ya boti, maji yakajaa ngama, kule chini ya sakafu, pampu ikawa inakula betri ileile ya redio, na hapo sasa nikaona habari imebadilika. Nikainua kifuniko nikabonyeza kile kitufe chekundu nikakishikilia mpaka kikalia. Hicho kitufe Mheshimiwa ndo mlitulazimisha wote tununue redio mpya kwa ajili yake, kinatuma mwito chaneli 70 chenyewe, na namba ya boti na mahali tulipo, na kinajirudia kila dakika nne hivi mpaka kituo kikiri kimepokea. Nikaita na Mayday kwa mdomo. Kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada nacho nilishakitoa kwenye kishikizo chake nimekiweka mapajani.

Kikajirudia. Kikajirudia tena.

Aliyejibu ni ofisa wa zamu kwenye meli ya mizigo iliyokuwa inapita maili 11 kutoka tulipo. Mgeni kabisa, Kiingereza chake cha kutafuta kama changu, tukaelewana. Akageuza limeli lote lile, akaja akasimama upande wa upepo akatukinga, mawimbi yakalala, akawasha taa zake zote mtoto akaanza kupiga kelele za furaha. Mpaka alfajiri alikaa pale. Kampuni yake imepoteza usiku mzima na mafuta kiasi gani sijui, kwa watu wanane asiowajua. Yeye ndo akampigia mwenzangu kwa simu ya setilaiti, namba nilimpa mimi, akaja asubuhi kutuvuta. Mpaka hapo mkondo ulishatusogeza maili 15 zaidi nje.

Sasa hiki ndicho kilichonifanya niandike, vingine vyote ningemeza. Yule ofisa aliniomba radhi. Akasema mwito wangu aliuona mara ya kwanza kabisa, ila utaratibu unamtaka asubiri kidogo kituo cha nchi kavu kijibu kwanza, ndo kazi yao, meli zisirukie zikavuruga. Akasubiri. Akaona kimya. Akaita kituo chenu yeye mwenyewe, meli kubwa ile, antena iko juu kama ghorofa, hakujibiwa. Ndo akaamua kuja. Kwa hiyo Mheshimiwa kituo chako hakikukaa kimya tu, kilimchelewesha na yule aliyekuwa tayari kutusaidia, kwa sababu dunia nzima inaamini nchi kavu kuna mtu.

Nimerudi nimeuliza. Mmoja ananiambia zamu ya usiku ilifutwa, bajeti. Mwingine anasema mtu wa usiku yupo na analipwa ila anakaa kwenye chumba cha chini penye feni na redio iko juu. Mwingine ati antena ilipigwa na radi. Antena siwezi kuamini, saa nne asubuhi ilikuwa nzima, nilikwambia uikumbuke. Palepale, boti ileile, redio ileile. Tofauti ni kwamba asubuhi kulikuwa na mtu kwenye kiti. Mimi nadhani ni hiyo zamu tu, saa kumi na moja jioni mtu anavaa viatu anaenda nyumbani, na bahari nayo inatakiwa ifunge.

Aprili 1912 Titanic ilipogonga barafu kulikuwa na meli jirani inaitwa Californian. Ilikuwa na opereta mmoja tu wa redio, ameshinda kazini mchana kutwa, akazima mtambo akaenda kulala muda mfupi kabla ya Titanic kugonga. Mwenzie anaita, yeye yuko kitandani. Watu kama 1,500 wakafa. Na simlaumu yule kijana, sheria haikumtaka akeshe. Ndo maana 1914 wakubwa wakakaa London wakaandika mkataba wa usalama baharini, meli zikatakiwa kuweka masikio usiku na mchana. Zaidi ya miaka mia moja hiyo. Sisi bado tuko usiku ule wa Californian, tofauti ni kwamba yule kijana alikuwa amechoka kweli.

Na kila mwaka mkaguzi wako anapanda botini kwangu. Anahesabu majaketi, anasoma tarehe za fataki za dharura, anabonyeza redio, inasema shwaaa, anatia tiki. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alisimamishwa safari siku nne kwa sababu redio yake ilikuwa haitumi vizuri. Sawa kabisa, nilimuunga mkono mkaguzi siku hiyo na wenzangu wakanichukia. Sheria inaniamuru nisikilize chaneli 16 muda wote nikiwa majini, nisiposikiliza ni kosa. Sasa wewe mwenzangu je, nani anakuja kukukagua wewe? Nani anatia tiki kwenye kile kiti?

Yule mzee wa nduaro kapiga simu juzi. Nilidhani anataka hela zake. Ati anauliza picha zimetoka vizuri. Lakini baba wa yule mtoto ameshasema hatakanyaga boti tena maisha yake, na ameandika hivyo kila mahali, na safari tatu za mwezi huu zimeshafutwa. Msaidizi wangu ana watoto, analipwa kwa safari, hakuna safari hakuna kitu. Injini zote mbili zimefunguliwa ziko juu ya magunia. Mimi usiku nikilala nasikia ile shwaaa, mke wangu ananiamsha ananiambia unaongea peke yako, unaita majina ya boti.

Nilikuwa nimeandika madai sita. Taa ya boya la kwenye mlango wa bandari ambayo inawaka ikijisikia, boti ya uokoaji ambayo tangu izinduliwe na utepe sijaiona ikiloa, mafuta ya gatini yapimwe, na mengine. Nimeyafuta yote. Boti ya uokoaji baki nayo, hata ipambe maua. Nataka kitu kimoja, weka mtu kwenye redio usiku. Mtu mmoja. Si lazima awe na boti ya kututumia, si lazima awe na cheo, awe na kiti na masikio, aseme nimekusikia, baki hapo naita wengine. Hata asipofanya kingine chochote. Mtu akijibu, mtoto hatauliza kama wamelala, na meli inayopita haitasubiri.

Mtu kwenye redio Mheshimiwa. Usiku.

Injini zitakuwa tayari Ijumaa, fundi kaniahidi, na ahadi za mafundi unazijua lakini za kwake zinazidi za wengine. Jumamosi natoka na wateja wanne waliobaki. Saa mbili usiku nitakuwa nimesharudi ndani, nimefunga kamba gatini kwako, dirisha la kituo nitakuwa naliona kwa macho. Nitapiga redio chaneli 16, niombe tu kujua kama nasikika.

Nijibu.

Wako mtiifu bado,
Nahodha