Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hisa za Maduka ya Bei Nafuu

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi, na mweka hazina atazipitia baada yangu. Taarifa hii nimeitengea hoja iliyojirudia karibu kila kikao: je, chama kinunue hisa za maduka ya bei nafuu, maadamu bei ya hisa zenyewe iliporomoka mwaka 2024?

Hapa nyumbani hakuna cha kununua. Supamaketi za Naivas na Quickmart haziko kwenye soko la hisa. Supamaketi ya Uchumi iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992, ikafunga milango Juni 2006, ikarejea sokoni 2011, na walioifuata mara ya pili wanajua walichobaki nacho. Kwa hiyo macho yameelekea Marekani, kwa Dollar General na Dollar Tree.

Anayeanza na bei ya hisa ameshika mkia. Anza na mauzo ya maduka ya zamani, yaani yaliyokuwepo mwaka uliotangulia. Katika robo ya pili ya 2024, Dollar General ilitangaza mauzo yamepanda 4.2%, hadi dola bilioni 10.2. Maduka ya zamani yalikuwa yamepanda 0.5% tu, kilichobaki kilitoka zaidi kwenye maduka mapya, na kila duka jipya lina kodi yake ya pango, rafu zake na mishahara yake. Siku ya taarifa hiyo, 29 Agosti, hisa ilipoteza karibu theluthi moja ya thamani. Zaidi ya 80% ya mauzo yake ni vyakula, sabuni na mahitaji mengine ya kila siku, ambayo faida yake ni nyembamba. Mteja akibanwa huacha nguo na vyombo vya nyumbani, na faida nono ilikuwa huko.

Kisha fungueni mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni. Chukulieni duka ambalo gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa mwaka ni shilingi bilioni 3.65, sawa na milioni 10 kwa siku. Likiwa na stoki ya milioni 600, bidhaa hukaa siku 60 kabla ya kuuzwa. Likidaiwa na wasambazaji milioni 450, huwalipa kwa siku 45. Hapo hakuna la kutisha. Mwaka unaofuata deni likifika bilioni 1.2 na stoki ikabaki pale pale, malipo yamesogea hadi siku 120: bidhaa imeuzwa, pesa imeingia, lakini msambazaji hajaiona. Mara nyingi imezama kwenye matawi mapya au riba ya benki. Supamaketi za Nakumatt na Tuskys zilielemewa na madeni ya namna hii, na dalili zilionekana dukani kabla ya kuonekana kwenye magazeti: pakiti za tishu zimepangwa safu moja mbele ya rafu iliyokuwa ya unga, na nyuma yake ni hewa.

Kodi ya pango nayo hupotosha. Tangu 2019, hesabu za viwango vya kimataifa, tunavyotumia Kenya, huhamisha sehemu kubwa ya pango hadi kwenye uchakavu na riba, hivyo faida kabla ya vitu hivyo huonekana imenenepa. Kampuni za Marekani nyingi bado huliweka pango la maduka kwenye gharama za uendeshaji. Msilinganishe faida hizo mbili bila kwanza kulirudisha pango mahali pake.

Kuhusu ununuzi wa kampuni nyingine, mfano mmoja unatosha: Dollar Tree ilinunua Family Dollar, kampuni nyingine ya maduka ya bei nafuu, mwaka 2015 kwa zaidi ya dola bilioni 8, ikaiuza 2025 kwa takriban bilioni 1.

Mwisho ni kodi ya serikali. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo gawio hukatwa 30% kabla halijatufikia. Hisa zikiandikishwa kwa jina la mwanachama mmoja, jambo ambalo baadhi yenu mmelipendekeza kwa urahisi, naye akafariki, mali yake ya Marekani inayozidi dola 60,000 inaweza kutozwa kodi ya mirathi huko. Kamati imelikataa pendekezo hilo.

Kamati inashauri tusinunue sasa. Tutaliangalia jambo hili upya iwapo mauzo ya maduka ya zamani yatakua robo nne mfululizo bila siku za kuwalipa wasambazaji kurefuka. Fomu za kura ziko kwa katibu.